Kijani Kisichokuwepo

Lauscha, mwezi wa pili. Theluji imefunga nusu ya dirisha.
Volkmar anapuliza mrija wa kioo, unavimba,
unakuwa jicho la mtu ambaye bado anavua koti mlangoni.

Huyo ni Ottomar, mkata miti. Kibanzi cha msonobari
kilimchukulia la kushoto mwaka juzi.
Anakaa. Ananuka utomvu na tumbaku.

Kazi yangu mimi ni nyuzi: kioo chekundu, chembamba kama unywele,
nakibandika kwenye weupe, mshipa baada ya mshipa,
maana jicho lisilo na mishipa ni zuri mno
na hakuna anayelisadiki.
Mwaka wa kumi na tisa huu naghushi uchovu
ili watu waseme: hili ni la kweli.

Ottomar akasema, bila kuulizwa,
“Usiku linaona.”
Lipi?
“Lile lililotolewa. Nikizima taa, cheche.
Za kijani. Si kijani cha majani.”

Nilidhani Volkmar atacheka. Akaongeza moto.
Akachanganya vijiti, akadondosha tone juu ya bati,
likapoa, akalisukuma mbele ya mteja.
“Hiki?”
“Hapana. Kimezidi umanjano.”
La pili. “Karibu. Ila kile kina ubaridi.”
La tatu, la nne. Mchana ukatuponyoka.
La saba alilishika, akaligeuzageuza kwenye mwanga,
akatikisa kichwa kwa huruma
kama mama aliyeletewa wodini mtoto asiye wake.

Matone saba juu ya bati:
unaweza kuyapima, kuyauza, kujikata nayo.
Na yote yamekosea.
Yameshindwa na rangi isiyo na uzito wala mahali,
yenye shahidi mmoja tu,
na shahidi mwenyewe alishang’olewa.

Macho hayana pazia, husemwa.
Hili letu ni pazia tupu.

Saa kumi tulimvalisha. Lilikaa sawa.
Akajitazama kwa moja, akaonekana kwa mawili.
Akalipa. Nje baridi ikampiga usoni,
na chozi likatangulia upande wa kioo.

Sijui. Nilifagia.
Matone sikuyatupa, yamo kwenye kopo la biskuti.
Juzi umeme ulipokatika nikafumba macho, yote mawili mazima,
nikayabonyeza kidogo kwa vidole.
Kitu kikawaka.

Nikalipapasa kopo, gizani vilevile,
nilinganishe.