Jiwe la Sangara

Gazeti la Jumatano lilifika Mwaloni
limefungiwa vitumbua vya Holo Ng'wandu,
na ukurasa wa simu ndio uliokunywa mafuta.
Tukausoma hivyo hivyo.

Nshoma Lukonge, fundi simu wa Makoroboi,
ameipima ile simu ya laki moja na themanini,
ile tuliyoinunua sisi, watu kumi na wawili wa soko hili,
wiki ile dagaa walipopanda bei.
Ameipa nyota mbili. Kati ya tano.
Kaandika: kioo chake kinaogopa jua.
Kaandika: kamera haimjui mtu mweusi,
humtoa kama mkaa uliovaa shati.
Kaandika: ikifika asilimia arobaini inazima
bila kuaga, kama mgeni mwenye deni.

Soko likawaka.

Bwire mbeba magunia akasema dada huyo kalipwa.
Na nani? Hakujua. Ila kalipwa.
Kokushubila akaitazama picha ya Bwire, akamtazama Bwire:
"Mbona sioni kamera ilipokosea?"
Mukama, aliyefika kidato cha sita
na hajatuacha tukasahau,
alitaka kujua fundi alikaa nayo siku ngapi.
Tatu, tulisoma, chini ya doa la mafuta.
"Tatu! Mke wangu mwenyewe
siku ya tatu nilikuwa bado sijamwelewa."
Mkewe alikuwa nyuma yake, anachambua dagaa.
"Na mwaka wa tisa je?"

Mimi nilinyamaza. Kazi yangu mizani.
Mwaka wa kumi na moja huu napima dagaa
wa Kome, wa Goziba, wa Ukerewe;
najua mchanga unakojificha,
najua gunia lililolazwa majini linavyoubembeleza mshale,
nakijua na kidole gumba cha mchuuzi
kinachopumzika ukingoni mwa sahani
kama hakina habari.
Kwa hiyo kosa la Nshoma nililiona mapema.
Kila alichoandika ni kweli.
Ila alishika jiwe la sangara
akapimia fungu la dagaa.

Na kuna ambayo hakuyaweka sahanini kabisa.
Redio yake inashika bila waya wa masikioni.
Na sauti. Sauti, Nshoma!
Mama yangu yuko Ukara, sikio moja lilishakufa.
Kwa simu yangu ya zamani aliitikia "Ehe" kwa kila neno,
hata siku nilipomwambia kaka ametutoka:
"Ehe," akasema, "na mvua huko?"
Kwa hii ananisikia.
Kwa hii ananikatiza, ananigombeza,
ananiuliza kwa nini napiga kelele.
Hilo ni nyota ngapi?

Saa nane, wanunuzi walipopungua,
niliketi juu ya magunia nimwandikie mhariri.
Nilijifunika gunia tupu kichwani
(kioo, sawa, kinaogopa jua)
nikaanza: Ndugu Mhariri,
mimi ni karani, si fundi,
lakini kupima ninakujua.
Nikamweleza habari ya jiwe. Nikamweleza habari ya mama.
Bwire akiwa begani kwangu akidai niongeze kwamba kalipwa.
Nikafika penye sentensi niliyoitunza tangu asubuhi,
nikaandika: Haki, Ndugu Mhariri, ni

kisha nikawa naiona sura yangu tu,
kwenye kioo cheusi,
mkaa uliovaa gunia.

Bwire hakusema kitu. Hata Kokushubila.
Ziwani boti moja ilikuwa inahangaika kuwasha injini,
inakohoa, inanyamaza, inakohoa.

Lakini nilikuwa nimeitupia jicho ile namba pembeni
kabla giza halijaingia,
na macho yangu ndiyo yanayonilisha.
Nshoma aliandika arobaini.
Ilikuwa arobaini na moja.

Kesho nafunga mizani mapema.
Nakwenda Makoroboi kumdai
asilimia yetu moja.