Skii za Asifiwe

Asifiwe kaniandikia kutoka Nowei, mtoto wa dada, si mwingi wa maneno:
mita moja na sentimita sabini na mbili,
nyembamba kiunoni,
ncha ipinde juu kama ulimi wa mtoto
anayeifuata aiskrimu puani.
Na mwisho wa ujumbe: “Usipake rangi, mjomba. Nataka nione mbao.”

Miaka ishirini na sita niko Keko.
Nimeupa mpaini rangi ya mninga,
na mninga nikauita mvule, mteja akitaka mvule.
Nyufa najua kuziziba: vumbi la msumeno, gundi nyeupe,
kidole gumba, msasa, vanishi.
Kabati langu likifika sebuleni kwa watu
linasimama limenyooka, kimya,
kama shahidi aliyelipwa.

Huyu anataka kioo.
Faiba angavu juu, faiba angavu chini,
katikati ubao uchi na mistari yake yote.

Siku tatu nachagua.
Msaji wa Muheza kwa ukaidi, mpaini wa Mafinga kwa wepesi,
fito kwa fito, cheusi, cheupe,
nikavibana kwa klampu kumi na moja, tisa za kuazima.
Shomvi, kijana wangu wa randa, akauliza ni mbao za nini.
Za kutelezea, nikamwambia.
Akacheka: “Mbona hapa watu wanateleza bure?”

Rezini hailijui joto la Dar.
Kopo linasema dakika arobaini;
mchana wa Februari iliganda kwa tisa, ikafuka moshi,
brashi ikabaki wima kikombeni kama mwiko kwenye ugali.
Tukahamia saa kumi alfajiri,
Shomvi ameshika tochi ya simu,
mbu wanatua kwenye ule ung’avu na hawaondoki.
Mmoja yumo hadi leo, skii ya kushoto, karibu na kisigino.

Na karibu naye, pale patasi iliponitoroka,
nilichota vumbi la msumeno,
nikafungua gundi nyeupe,
kidole gumba kikaanza kwenda chenyewe

nikakirudisha.

Kovu likapita chini ya kioo lilivyo.
Pembeni yake niliandika kwa penseli, herufi za sisimizi:
hapa nilikosea.

Jumamosi, viroba vitano vya barafu ya samaki kutoka Feri,
tukavimwaga juu ya lile rundo la maranda nyuma ya banda.
Shomvi akapanda, peku, miguu imefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Aliteleza hatua nne.
Nne! Wapiga vanishi wakapiga mayowe,
mama Tabu wa chapati akaiacha moja ikaungua.
Alipopanda tena hakukuwa na mlima,
ila maji yanayoutafuta mtaro
na harufu ya jodari.

Nimezifunga kwenye blanketi. Ndege ni Alhamisi.

Leo asubuhi kaja bwana mmoja na picha kwenye simu:
kitanda, futi sita kwa sita, mninga,
na bei aliyoitaja ni ya mpaini.
Nimezoea. Kopo la rangi liko pale, chini ya meza,
na brashi nimeishika tayari.

Namwambia, keti kwanza.