Pamba Kwenye Kijiti

Wiki tatu shangazi Eulina hakunipa rangi.
Alinipa pamba na vijiti vya mishikaki:
zungusha, kaza, usiache unyuzi ukatokeza,
unyuzi mmoja hukwaruza shavu la mtu
na mwenyewe hayupo alalamike.

Nje, Crato iliungua kwa jua la Oktoba,
punda wamejibanza kivulini mwa kanisa.
Ndani, mezani, wafu na walio hai
walilala chali pamoja, kijivu kwa kijivu,
wakingoja nijue kazi.

Siku ya kwanza ya wekundu nilimharibu bibi mmoja.
Midomo ilimwiva kama pilipili,
ungedhani ametoroka na mcheza sarakasi.
Shangazi alicheka hadi akapaliwa,
kisha akamfuta kwa tapentaini, polepole,
kama anayemnawisha mgonjwa.
"Wekundu ukiuona, Valdenor, umeshazidisha."

Basi nikajifunza kupaka na kuondoa,
zaidi kuondoa.
Kwamba shati jeupe si jeupe,
lina buluu ya sabuni ndani yake.
Kwamba kivuli cha kidevu ni cha mpiga picha,
usikiguse.
Nikawavika suti wakulima waliopigwa vifua wazi,
nikamtia heleni za dhahabu
mwanamke aliyekufa na deni la unga.
Nikauliza kama huo si uongo.
Shangazi akasema dhahabu ni kruzeiro kumi zaidi.

Ndipo akaja mama, vumbi hadi magotini,
picha kaifunga kwenye jani la kalenda:
kichanga ndani ya kisanduku, maua kifuani,
macho yamefumba.
"Mfumbue," alisema.
Rangi gani?
Alihesabu sarafu zake, akazihesabu tena.
"Alikuwa mtu wa kulala," alisema.

Nikayaiba macho yake yeye, pale alipoinama:
kahawia, na tone la kijani lisilo na uhakika.
Katikati nikaacha nukta ya karatasi tupu,
huo ndio mwanga, haupakwi.
Usiku ule mtoto alinitazama kutoka kwenye kamba
nikaamka kumgeuza ukutani.

Jumamosi mama akarudi.
Akamtazama. Akanitazama.
"Siye huyu."
Shangazi akafungua mtoto wa meza, arudishe pesa.
Lakini mama alikwisha mlaza kifuani,
uso ndani, shali juu yake.
"Acha," alisema. "Nitamzoea."

Rangi ya shavu ilikuwa bado mbichi.
Sikumwambia.