Paa Linatazama Wapi

Kijana wa vipimo alisimama mlangoni,
mvua ikimchuruzikia kwenye karatasi zake,
akamuuliza Bi Ishbel: Paa lenu linatazama wapi?
Miaka arobaini na mmoja chini ya paa hilo,
hajawahi kuulizwa.
Linatazama duka la kamari, akajibu,
akafunga mlango.

Hapo ndipo tulipoanzia, watu wa Mtaa wa Carnoch,
mashariki ya Glasgow, ambako jua ni mgeni wa heshima:
huja bila taarifa, halikai kitako,
na likishaondoka tunalisema wiki nzima.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu.
Daftari ninalo bado.
Mkutano wa kwanza: waliofika saba, na mbwa wa Torquil.
Ajenda: jua.
Hapo nimeandika neno moja, *kicheko*.
Mkutano wa pili: kumi na tisa,
kwa kuwa Nasreen wa dukani alileta sambusa.
Hisa moja pauni ishirini na tano,
asiyeweza alipe moja moja,
na wengi walilipa hivyo, sarafu zikinuka tumbaku,
zikihesabiwa mara mbili juu ya meza ya bilioni
kwa sababu hapa tumeshaibiwa na wenye tai.

Lile kabati chini ya makoti sote twalijua.
Mita hukaa humo gizani, ikimeza.
Ufunguo wake wa plastiki unaupeleka dukani
kama unavyompeleka mtoto kliniki,
unarudi nao, unauchomeka,
ndipo unashusha pumzi.
Bi Ishbel alichemsha maji mara moja tu, alfajiri,
akayafungia kwenye chupa ya chai,
akanywa uvuguvugu mpaka usiku
na kusema kwamba ndivyo apendavyo.

Aprili paneli zikapanda juu kwa kreni.
Siku ya kuwasha, nani asingejua, ikanyesha.
Ruaridh fundi akatusomea namba: kilowati tatu.
Tatu! Na mawingu yote haya?
Mwanga tu unatosha, alisema, si lazima jua.
Bi Ishbel akatazama juu, kofia ya nailoni kichwani:
Kumbe hata kijivu kina kitu ndani.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Mwaka ulipoisha tulibaki na faida:
pauni mia mbili na kumi na mbili.
Nyumba sitini na nne.
Kila mlango pauni tatu na vichele.
Tukabishana saa nzima. Torquil alitaka tupake rangi ngazi,
mwingine alitaka chake, tena taslimu, tena leo.
Bi Ishbel akainua mkono kama mtoto wa shule.
Dirisha la Donnie, ghorofa ya chini, akasema,
nani ameliona likiwaka tangu Novemba?

Hakuna aliyejibu.
Mimi napita pale kila siku, mara mbili.
Nilidhani ni pazia zito.

Hakukatiwa umeme na mtu.
Aliacha tu kwenda dukani,
ufunguo ukalala mfukoni, mita ikanyamaza,
naye akanyamaza nayo.
Kwenye kumbukumbu sikuandika azimio lolote.
Nasreen alichukua ufunguo, akaujaza, akaurudisha,
nasi watatu tukasimama ukumbini kama wadai.

Hakutushukuru.
Nani kawaambia? alifoka.
Nani kawapa ruhusa ya kuhesabu madirisha?
Na alikuwa na haki, nami nikajikuta nikitazama viatu.

Lakini jioni ile nilivuka barabara makusudi,
nikasimama penye duka la kamari,
pale paa letu linapotazama,
nikatazama nami.
Chini kabisa, kushoto, palikuwa na taa.
Ndani, mtu ameketi na koti lake,
kola imeinuliwa, vifungo vyote vimefungwa,
kama abiria ambaye hajaamini kuwa amefika.
Birika lilikuwa likitoa mvuke.
Akalizima. Akasita.
Akaliwasha tena.