Sekunde Arobaini

Mimi ni mtu wa kuziba matundu.
Uliza Kadutu, chini ya soko, kibanda chenye mlango wa buluu:
tangi la maji, bomba la moshi,
sufuria ya kanisa ya kupikia maharage ya Pasaka.
Nusu saa, na hakuna kinachovuja.

Dokta Bisimwa alichora moyo kwenye karatasi ya dawa,
vyumba vinne, kama nyumba ya mtu mwenye nafasi,
kisha kati ya vyumba viwili akaweka nukta ya wino,
akaikoleza, akaikoleza, mpaka karatasi ikatoboka.
“Hapa,” akasema.
Nikaona ncha ya kalamu upande wa pili.

Mtoto ana wiki tisa.
Akilia, midomo yake huwa rangi ya mlango wangu.

Baba yangu ndiye aliyemwita Byamungu.
Alipiga meza kwa furaha: vya Mungu! Cha Mungu hakiibiwi!
Sasa kila muuguzi akiliita jina lile koridoni
nashtuka kama mtu aliyetia sahihi bila kusoma.
Bwana, lile ni jina tu. Si hati ya mauzo.
Nilisema ni wako.
Sikusema uje kumchukua.

Kuna mtumishi mmoja kule Nyamugo aliyeota nyoka
kwenye kitovu cha mwanangu. Alitaka dola hamsini
na kuku asiye na doa.
Nikamwambia kuku ninaye, ila ana doa,
na dola zimeshaenda kwenye oksijeni.
Shangazi Cibalonza hajanisamehe mpaka leo.

Mke wangu Nsimire haombi kwa sauti.
Anafua. Anakamua maziwa yake kwenye kikombe cha plastiki,
anamnywesha kwa kijiko, tone, pumziko, tone,
kama mtu anayelipa deni kubwa kwa sarafu.
Nilimuuliza: bado unaamini?
Akasema: “Shika kijiko.”

Umeme wa Bukavu mnaujua.
Ukikatika, mashine ya hewa hulia mara moja, ikanyamaza,
na zinapita sekunde arobaini kabla jenereta haijaamka
kule nyuma ya jiko la hospitali. Nimezihesabu.
Hapo ndipo nilipojifunza kusali.
Baba Yetu, nikiisema bila haraka, inakwisha
na zinabaki tano.
Zile tano ndizo ngumu.
Zile tano sina maneno ya kuziba.

Jana usiku mvua ilishuka na kipande cha mlima,
umeme ukaenda.
Nikaanza. Utupe leo. Utusamehe.
Amina, na giza bado lipo.
Arobaini. Arobaini na tano. Hamsini.
Nje mtu anavuta kamba ya jenereta, anatukana kwa Kimashi,
anavuta tena. Sitini.
Nikaweka kidole changu, kinene, chenye makovu ya cheche,
pale kifuani ambapo kalamu ilipita.
Moyo ulikuwa unakwenda.
Unateleza, unajikwaa, unakwenda,
kama mama mwenye gunia la makaa kwenye ngazi za udongo.
Haukuwa unasubiri umeme.

Sikusema neno. Wala sikusikia neno.
Lakini gizani mkono mwingine ulikuja juu ya wangu.
Nywele zikanisimama. Nikasema moyoni: ni Wewe.
Ulikuwa na harufu ya sabuni ya kufulia.

Sekunde themanini na mbili.
Taa zikarudi. Hatukutazamana.
Nsimire akatafuta kijiko.

Tuko namba kumi na moja kwenye orodha
ya wapasuaji watakaokuja mwezi wa saba, barabara ikiruhusu.
Leo asubuhi nimefungua kibanda.
Binti mmoja kaleta ndoo inayovuja, kauliza itachukua muda gani.
Nimefungua mdomo kusema nusu saa.
Nikamvutia kigoda, nikamwambia akae.