Kitanda Namba Nne

Boksi la sabuni lilikunjwa mara tatu
likasukumwa chini ya mguu wa kitanda namba nne,
wodi ya watoto, saa tisa usiku,
mwaka ule ziwa lilipopanda hadi kwenye vichanja vyetu
tukaanika dagaa barabarani.

Kitanda kilikuwa kinalia.
Mtoto akishtuka kwa degedege, kinalia.
Mimi nikigeuka, kinalia.
Hata nikishusha pumzi, nacho kinashusha yake.
Limi wangu, miezi kumi na mmoja,
tuliyempa jina la jua,
usiku ule aliwaka kama jiwe la Igombe saa nane mchana.

Sista hakusema neno la kunifariji.
Alikuwa na haraka, na soksi imetoboka kisigino.
Alitazama dripu, akatazama mguu wa kitanda,
akatoka, akarudi na boksi,
akapiga magoti sakafuni kama anayetafuta shilingi iliyobingirika,
akalikandamiza kwa kiganja.
Kimya.
Ndipo nikasikia nilichokuwa nakisikilizia tangu jana:
mtoto anapumua.

Sasa Limi ana miaka tisa na majibu ya mkato.
Kikundi chetu, waanika dagaa kumi na wanne,
tulivunja kibubu mwezi wa sita.
Nyamizi alitaka tupake ukuta wa hospitali rangi
na majina yetu yaandikwe juu, yasomeke hadi getini.
Bi Holo akataka televisheni, wagonjwa wasahau maumivu.
Mimi nikasema: magurudumu.
Wakacheka. "Magurudumu ya nini, kwani tunanunua gari?"
Nikawasimulia boksi.
Nkwimba akafuta macho kwa pembe ya kitenge.
Naye alilala kitanda hicho hicho, mwaka mwingine,
naye hakutoka na mtoto.
Hatukubishana tena.

Mlango Mmoja tuliyapata, ya mpira, ya mtumba,
ishirini na manne, vitanda sita,
kwa bei ya kugombana hadi muuzaji akaomba maji.
Tukafika wodini Jumanne, tunanuka tulivyo;
dagaa haogeki kwa sabuni.

Sista yupo bado. Mvi zimemchungulia pembeni mwa kofia.
Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno,
nilipofika mbele yake yakatawanyika kama kuku.
Nikamwambia tu: ni mimi, yule wa boksi.
Akanitazama kwa adabu,
vile unavyomtazama mgeni aliyekosea mlango.
"Boksi gani, mama?"

Wahenga walisema tenda wema uende zako.
Yeye alikwenda zake kitanda namba tano.

Fundi akainua mguu wa kitanda.
Chini yake palikuwa na boksi.
Si lile. La dawa ya mbu, bado lina rangi,
limekunjwa mara tatu.
Juu, mama kijana kutoka visiwani
amemkumbatia wake, hajui tunatafuta nini
wanawake wote hawa chini ya usingizi wake.
Fundi akaliokota, akataka kulitupa.
Nikalidaka.

Nilitaka nilipeleke nyumbani,
sijui niliweke wapi, labda juu ya kabati,
Limi akiuliza nimwambie.

"Lete hapa," Sista akasema, mkono ameunyoosha,
"dirisha la tatu linagonga usiku."

Nikampa.
Nyuma yangu Bi Holo, yule wa televisheni,
alikuwa keshaanza kuipima fremu kwa shubiri.