Hodi Nambari Tano

Kompyuta ya Bi Thureya ililetwa kwa mkokoteni
kutoka ofisi ya kutoa mizigo, Shimanzi,
imevikwa leso kuukuu, vumbi lisiingie.
"Tangu itiwe kadi ya mtandao," alisema, "haisemi.
Na ikisema, mtandao haupo."

Nikaifungua. Skrubu tatu, ya nne haipo.
Ndani, kutu ya chumvi na kadi mbili bega kwa bega,
ya sauti, ya mtandao.
Nilizijaribu mojamoja: nzima.
Ukizitia pamoja, mashine inaganda
kama mtu aliyeitwa na wawili katikati ya Digo Road.

Kadi haiingii kwa ubongo bila hodi.
Kila hodi ina nambari,
na hizi zote mbili zimepewa tano.
Ubongo husikia mlango. Nani?
Mimi.
Mimi nani?
Mimi.
Basi husimama hapo, mkono kwenye komeo.

Nayajua haya. Kwetu Kuze tulikuwa wawili,
mimi na mwana wa ami yangu, sote Athmani,
jina la babu mmoja, hapana aliyekubali kuliacha.
Nyanya akiita, twaja sote, au haji hata mmoja,
na mkate wa sinia waungua mekoni.

Dawa yake ni kikofia cheusi cha kuvisha pini,
hakizidi punje ya mchele.
Nilikichomoa kwa kibanio. Kikaruka.
Saa nzima mimi na Nyamawi tuko magotini,
tochi mdomoni, twakisaka mkekani
kwenye makombo ya viazi karai.
Nyamawi akakipata ndani ya kiatu changu.

Nambari ipi, sasa?
Nne ina kipanya. Tatu ina modemu.
Saba ni ya printa, nayo haipendi wageni.
Kumi. Kumi iko wazi.

Nikawasha. Feni ikakohoa,
skrini ikahesabu kumbukumbu polepole, kama mpokea mahari,
halafu spika iliyopasuka ikatoa mlio,
na taa ya kijani mgongoni ikapepesa.

Bi Thureya akauliza nani alikuwa na kosa.
Nikamwambia hapana mwenye kosa.
Akanilipa nusu.

Mwana wa ami ndiye aliyehama. Yuko Likoni,
watu wa huko wamjua kwa jina la Somo.
Mara ya mwisho nyanya kuita "Athmani!"
niliitika peke yangu.
Akatazama nyuma ya bega langu,
akamngoja wa pili.